Kulinganisha bima za matibabu ya mbwa: anza na siku ya kuhuisha mkataba, ada iangalie mwisho

#1 Mwanzisha uzi

Wanajamvi, salaam.

Uzi huu naufungua kwa ajili ya mwenye mbwa aliyepewa mikataba miwili mitatu ya bima ya matibabu, akaisoma juu juu, akaona kana kwamba yote inaahidi jambo moja na inapishana kwenye ada ya mwezi tu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiisoma mikataba ya namna hii, ya mbwa wangu na ya jamaa wanaoniomba niwasaidie kuchagua, na msimamo wangu ni kwamba ada inapaswa kuangaliwa mwisho kabisa. Cha kuangaliwa mwanzo ni kile kinachotokea siku mkataba unapohuishwa, ilhali mbwa tayari ana ugonjwa ambao hautapona.

Majina yanayoandikwa kwenye vipeperushi ni mengi, lakini mifumo iliyo nyuma yake ni michache. Upo mkataba wa ajali peke yake, unaolipa mbwa akigongwa na gari, akivunjika mfupa au akimeza kitu kikamkwama tumboni, na ambao haugusi ugonjwa wowote. Upo mkataba wa muda, unaougharamia kila ugonjwa kwa miezi 12 tangu ulipoanza, kisha ugonjwa huo unafungiwa nje moja kwa moja. Upo mkataba wenye fungu la fedha kwa kila ugonjwa. Huu hauhesabu miezi, lakini fungu likishakwisha halijazwi tena. Na upo mkataba wa maisha yote, ambao kikomo chake cha fedha hurudi kuwa kamili kila mwaka unapohuishwa, hivyo ugonjwa ulioanza mwaka jana unaendelea kulipiwa mwaka huu na mwaka ujao, maadamu hukukatiza ada. Muwe waangalifu hapa, kwa sababu ipo pia mikataba yenye kikomo kimoja cha fedha kwa uhai wote wa mbwa, na hiyo ni tofauti kabisa na ile ambayo kikomo chake hujazwa upya kila mwaka.

Ili tofauti hii ionekane, chukueni ugonjwa mmoja mkaupitishe ndani ya kila mkataba. Mimi hupenda kutumia kisukari. Mbwa mwenye kisukari huchomwa insulini, kwa kawaida mara mbili kwa siku, maisha yake yote, na pamoja na insulini kuna sindano, vipimo vya sukari na ziara za kurekebisha dozi. Tuseme amegunduliwa akiwa na miaka 7. Mkataba wa ajali haulipi chochote. Mkataba wa muda unalipa mpaka anapofikisha miaka 8, kisha unakuachia mzigo wote. Mkataba wa fungu unalipa vizuri mwanzoni, pengine mwaka mmoja na nusu au miwili, kisha unanyamaza. Mkataba wa maisha yote unalipa mpaka mwisho. Wakati huo huo hakuna kampuni nyingine itakayoupokea ugonjwa huo kama mpya, kwa hiyo aliyechagua vibaya akiwa na mbwa mzima hana tena pa kukimbilia. Hali ni hiyo hiyo kwa mzio wa ngozi, ambao mara nyingi huanza mbwa akiwa kati ya miezi 6 na miaka 3. Mbwa wa miaka miwili anayejikuna leo anaweza kuhitaji dawa kwa miaka kumi, na kwa mbwa wa namna hiyo bima ya miezi 12 ni sawa na mwavuli unaofungwa mvua inapokolea.

Baada ya hapo ndipo tufike kwenye hesabu. Karibu kila mkataba una kiasi ambacho mwenye mbwa hukibeba mwenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa, na swali si ukubwa wa kiasi hicho tu, bali kinakatwa mara ngapi. Kuna kampuni zinazokikata mara moja kwa mwaka, na kuna zinazokikata kwa kila ugonjwa. Mbwa aliyeugua sikio, akaharisha damu, kisha akakatwa na bati mguuni ndani ya mwaka mmoja, atakatwa mara moja kwenye mkataba wa kwanza na mara tatu kwenye wa pili. Kwa upande mwingine, ipo mikataba michache inayokata mara moja tu kwa kila ugonjwa katika uhai wote wa mbwa, na kwa mwenye maradhi sugu huo unaweza kuwa nafuu kuliko ule wa kila mwaka. Kwa hiyo msiridhike kusoma tarakimu peke yake; someni na maneno yanayoifuata.

Kisha kuna asilimia ya fidia, ambayo kwa kawaida ni 70, 80 au 90, na kuna utaratibu wa kukokotoa ambao watu wengi hawauulizii. Bili ikiwa 1,000, kiasi chako cha kubeba kikiwa 200 na fidia ikiwa asilimia 80, kampuni inayoondoa kwanza ile 200 itakulipa 640, na kampuni inayopiga asilimia kwanza kisha ikatoa 200 itakulipa 600. Tofauti hiyo ni ndogo na haikui bili inapokua. Inayokua ni ile ya asilimia yenyewe: kwenye bili ya 10,000, pengo kati ya asilimia 70 na 90 ni 2,000 nzima, na linaangukia siku ambayo huna nafasi ya kutafakari. Muulize pia asilimia hiyo ni ya nini. Kampuni nyingine hulipa asilimia ya bili halisi ya kliniki, nyingine hulipa kwa kufuata jedwali lao la viwango kwa kila ugonjwa, nyingine hulipa kwa kadiri ya kile wanachokiona kuwa ni gharama ya kawaida ya eneo hilo. Asilimia 90 ya jedwali la chini inaweza kuwa ndogo kuliko asilimia 70 ya bili halisi.

Sasa nije kwenye kifungu ambacho nakiona kuwa kizito kuliko vyote na ambacho hakiandikwi kwenye kipeperushi chochote nilichowahi kukiona, yaani kifungu cha pande mbili za mwili. Mbwa ana magoti mawili ya nyuma, nyonga mbili, viwiko viwili na macho mawili. Mikataba mingi husema kwamba tatizo likionekana upande mmoja kabla ya bima kuanza au katika kipindi cha kusubiri, yaani siku za mwanzo za mkataba ambazo kampuni bado hailipi, upande wa pili nao utahesabiwa kuwa na tatizo hilo tangu awali, hata kama siku hiyo ulikuwa mzima kabisa. Kwa kano ya goti jambo hili si la kinadharia. Kukatika kwa kano ya mbele ya goti ni miongoni mwa sababu kuu za mbwa kuchechemea mguu wa nyuma, upasuaji wake ni wa gharama kubwa, na madaktari wanajua vyema kwamba sehemu kubwa ya mbwa waliokatika goti moja hukatika na la pili baadaye. Kwa hiyo mwenye mbwa aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa goti la kushoto, akinunua bima leo kwa ajili ya goti la kulia, huenda ananunua kitu ambacho mkataba wenyewe umekwisha kukiondoa.

Hapo ndipo faili la kliniki linapokuwa na nguvu kuliko kumbukumbu ya mwenye mbwa. Fikirieni mstari mmoja ulioandikwa kwa haraka mwishoni mwa ziara ya chanjo: «Mwenyewe anasema alichechemea mguu wa nyuma baada ya kukimbia, apumzike siku 3.» Mbwa akapumzika, akapona, kila mtu akasahau, na bima ikanunuliwa mwezi uliofuata. Mwaka mmoja na nusu baadaye kano ikakatika. Kampuni, kabla ya kulipa dai la kwanza kubwa, huomba historia yote ya matibabu, na mtathmini akiuona mstari ule atasema kwamba dalili zilikuwepo kabla, kwa sababu mikataba hii haidai ugonjwa uwe umepewa jina. Inatosha kwamba dalili ilionekana. Mguu haukutajwa ni wa kulia au wa kushoto, na kifungu cha pande mbili kinalifanya hilo lisiwe na maana.

Kwa sababu hiyo nawasihi mfanye jambo ambalo watu wengi hulifanya kwa kuchelewa: ombeni nakala ya faili zima kutoka kliniki kabla ya kununua bima, lisomeni lote, na kama kampuni inatoa huduma ya kulipitia faili mwanzoni na kutamka kwa maandishi nini kitahesabiwa kuwa kilikuwepo kabla, itumieni huduma hiyo mwezi wa kwanza, mkiwa bado ndani ya siku za kughairi mkataba na kurudishiwa fedha. Kama kuna kilichoandikwa kimakosa, daktari anaweza kukirekebisha kwa kuongeza maelezo yenye tarehe. Kumwomba afute lililo kweli ni udanganyifu, na kampuni ikigundua ina haki ya kuuvunja mkataba wote.

Vipindi vya kusubiri ni jambo rahisi zaidi. Kwa ajali huwa ni siku chache au hakuna kabisa, kwa magonjwa mara nyingi ni siku 14, na kwa magoti na nyonga baadhi ya kampuni hungojesha mpaka miezi 6 au zaidi. Chochote kitakachojitokeza katika kipindi hicho huhesabiwa kuwa kilikuwepo kabla.

Mwisho, someni mkataba mkimfikiria mbwa wenu, si mbwa wa kufikirika. Mwenye Bulldog, French Bulldog au Pug aulize kuhusu matatizo ya upumuaji yatokanayo na ufupi wa pua, na kama upasuaji wake unalipiwa. Mwenye Dachshund aulize kuhusu diski za uti wa mgongo, mwenye German Shepherd kuhusu nyonga, mwenye Cavalier King Charles Spaniel kuhusu vali ya moyo, ugonjwa unaowapata mbwa hao kwa wingi kadiri umri unavyosogea. Aulize kwa kutaja magonjwa ya kurithi na magonjwa ya kuzaliwa nayo kila moja kwa jina lake, maana ipo mikataba inayoyapokea ya kwanza na kuyakataa ya pili.

Karibuni kwa maswali.

#2 Mchangiaji

Shukrani mkuu kwa uzi wenye manufaa. Mbwa wangu ana miaka 8, nimemkatia bima ya maisha yote tangu alipokuwa mdogo, na miaka miwili iliyopita aligunduliwa kuwa na mzio wa ngozi ambao kampuni imekuwa ikiulipia bila matatizo. Shida ni kwamba ada inapanda kila mwaka, na sasa kuna kampuni nyingine inayoniahidi kikomo kikubwa zaidi kwa ada ndogo. Je, nihame?

#3 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotoa, mimi nisingehama. Kampuni mpya itakapoomba faili itaukuta mzio huo, na kuanzia siku hiyo dawa zote za ngozi zitakuwa juu yako, pamoja na magonjwa yanayoambatana nao, kwa mfano maambukizi ya masikio ya mara kwa mara, ambayo watathmini wengi huyahesabu kuwa ni tawi la mzio ule ule. Ile ada ndogo unayoahidiwa ni ya mbwa ambaye ugonjwa wake mkuu umeondolewa kwenye hesabu. Ukitaka kulinganisha kwa haki, chukua gharama za ngozi za mwaka uliopita, uzijumlishe kwenye ada mpya, kisha uweke jumla hiyo karibu na ada unayolipa sasa.

Kuna mambo mawili zaidi ya kuangalia kwa umri huo. La kwanza, baadhi ya kampuni hukataa kumsajili mbwa mpya akishavuka umri fulani, na hilo linamaanisha kwamba ukishatoka huenda usipate mlango wa kurudi. La pili, baadhi yake huongeza sehemu ya asilimia ambayo mwenye mbwa mzee analazimika kuchangia kwa kila dai, juu ya kile kiasi cha kawaida cha kubeba. Kifungu hicho huweza kuanza kufanya kazi katikati ya maisha ya mbwa bila wewe kusaini chochote kipya, kwa hiyo kitafute hata kwenye mkataba ulio nao.

Kama ada inakuelemea, zungumza na kampuni yako ya sasa kuhusu kuongeza kiasi cha kubeba au kushusha asilimia ya fidia kabla ya kufikiria kuondoka. Wengi hukubali, na mzio unabaki ndani. Ila uliza kwa maandishi kama mabadiliko hayo yatahesabiwa kuwa ni mkataba mpya, kwa sababu kama ni mpya, kipindi cha kusubiri kinaweza kuanza upya.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Kwa maradhi yanayopona, baadhi ya kampuni hukubali kuyapokea tena kama mbwa amekaa muda uliotajwa bila dalili na bila dawa, mara nyingi siku 180 au miezi 12. Mwenye mbwa aliyewahi kuugua maambukizi ya njia ya mkojo mara moja akapona ana uhuru wa kuhama. Mzio na kisukari havimo katika kundi hilo, na magoti nayo kwa kawaida hutengwa waziwazi.

#4 Mchangiaji

Mimi naona mnatumia nguvu nyingi kwenye mikataba. Fungua akaunti, weka kila mwezi kiasi kile kile ambacho ungeilipa kampuni, na mbwa akiugua unalipa mwenyewe. Asipougua, fedha ni zako. Hakuna kifungu wala mtathmini.

#5 Mwanzisha uzi

Hoja yako ni nzito na kuna watu inawafaa kabisa, hasa mwenye akiba kubwa tayari, anayeweza kulipa upasuaji wa dharura leo usiku bila kukopa. Kwa mtu huyo bima ni hiari tu.

Ninachopishana nawe ni kuhusu wakati. Akiba hukua polepole na ugonjwa haungoji ikue. Mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu, kwa mfano Great Dane, anaweza kujaa hewa tumboni na tumbo lenyewe likajisokota. Bila upasuaji anakufa katika muda wa saa chache. Mbwa mdogo wa miezi 5 anaweza kumeza soksi ikaziba utumbo. Mwenye akaunti ya miezi mitano anafika kliniki akiwa na ada za miezi mitano, na daktari anampa makadirio ambayo yanahitaji ada za miaka kadhaa. Anayesimama pale anaamua uhai wa mbwa wake kwa kuangalia salio, na madaktari wa mifugo wamelazimika kuwaua kwa sindano mbwa wengi waliokuwa wanatibika kwa sababu hiyo peke yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi halisi ya bima: kuondoa fedha katika uamuzi ule. Chanjo na maradhi madogo madogo hayahitaji bima.

Njia ya kati ipo, nayo naiheshimu: mkataba wa ajali peke yake, ambao ada yake ni ndogo, pamoja na akiba kwa ajili ya magonjwa. Kwa mbwa aliyesajiliwa akiwa mzee, ambaye maradhi yake mengi yamekwisha kufungiwa nje, mara nyingi huo ndio mpango wenye akili zaidi.

Kuna jambo moja ambalo akiba haiwezi kulibeba kamwe, nalo ni dhima kwa mtu mwingine. Mbwa akivuka barabara ghafla na kumwangusha mwendesha pikipiki, madai yanaweza kuzidi mara nyingi gharama ya tiba yoyote ya mbwa. Ujerumani, majimbo kadhaa yakiwemo Berlin na Niedersachsen humlazimu kila mwenye mbwa kuwa na bima ya dhima. Pasipo na sheria ya namna hiyo, angalia kwanza bima ya nyumba uliyo nayo, kwa sababu wakati mwingine dhima ya mbwa imo humo tayari, na kuilipia mara mbili ndani ya bima ya matibabu ni hasara.

#6 Mchangiaji

Naomba ufafanuzi kuhusu meno, chanjo na kuhasi. Nimeletewa mkataba wenye kifurushi cha nyongeza cha huduma za kinga, na muuzaji anasema kinajilipa chenyewe.

#7 Mwanzisha uzi

Kifurushi cha kinga kipigie hesabu ya kawaida, kwa sababu si bima ya tukio lisilojulikana. Unajua mbwa wako atahitaji chanjo zipi mwaka huu, dawa ya minyoo mara ngapi na dawa ya kupe kwa miezi mingapi. Andika bei za kliniki yako, linganisha na ada ya nyongeza, na uangalie kikomo cha kila kipengele, maana kuna vifurushi vinavyolipa sehemu tu ya kila huduma. Mwaka wa kuhasi kinaweza kukufaa. Miaka inayofuata sivyo daima.

Chanjo zenyewe, hata bila kifurushi, ni sharti. Mbwa ambaye hakuchanjwa kwa wakati akiugua parvo au distempa, kampuni nyingi hukataa dai hilo, kwa hiyo kadi ya chanjo itunzwe na tarehe zake zisipitwe.

Kuhusu meno nitasisitiza zaidi, kwa kuwa magonjwa ya fizi huwapata mbwa walio wengi tangu wakiwa na miaka mitatu au karibu na hapo. Mkataba unaosema unalipia meno mara nyingi unamaanisha jino lililovunjika kwa ajali tu. Ule unaolipia na ugonjwa wa fizi kwa kawaida hudai mbwa awe amekaguliwa kinywa na daktari kila mwaka, na kwamba lolote alilolipendekeza lilifanyika ndani ya muda uliowekwa, nalo kwa gharama yako. Ukikosa ukaguzi wa mwaka mmoja, dai la kung'oa meno matatu mwaka unaofuata linaweza kukataliwa lote. Kwa hiyo kila ziara ya chanjo mwombe daktari amfungue mbwa kinywa, na uhakikishe ameandika kwenye faili, pamoja na tarehe, kwamba meno na fizi zimekaguliwa na amekuta nini.